Mke Niliyetafutiwa na Kanisa la Mwihoko

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo hunirudia kila nikisikia matangazo ya kanisa yakisomwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa mchungaji kijana wa kanisa letu la mabati pale Mwihoko. Mama Ciru, mwenyekiti wa akina mama, alisimama kutangaza. Akatangaza mkutano wa maombi, akatangaza zamu ya kufagia kanisa, kisha akasema kwa furaha, "Na mchungaji wetu amepata mke!"

Vigelegele vikapaa. Mimi niliyekaa pale mbele nikapiga makofi pamoja na wengine, maana sikujua la kufanya na mikono yangu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia habari hiyo.

Juzi baada ya ibada uliniuliza kama mtu anayependa wanaume, kama mimi na kama wewe, anaweza kusimama madhabahuni bila kujificha. Nilikuona ukitazama mlango ulipokuwa ukiuliza, na nikakuahidi jibu. Ni refu kidogo, kwa hivyo jimiminie chai.

Mchungaji asiye na mke, siku zile, alikuwa mgonjwa wa kanisa zima. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama Ciru alikuwa na hoteli ndogo upande wa Githurai, na kila aliponiita kula githeri yake ya mahindi na maharagwe, palikuwa na mpwa wake au binti wa rafiki yake ambaye "amepitia tu". Mwishowe akapitia Njeri. Alikuwa na saluni yake Thika, alikuwa mcheshi, na alikuwa na sauti iliyofanya kwaya nzima ijione imekosa kitu. Nilimpenda kama unavyompenda dada yako. Tulikunywa chai naye mara kadhaa, na wakati mimi nikidhani tunakunywa chai, wazee walikuwa wakipanga siku ya kwenda kwao kuposa. Nilipogundua, Jumapili ile ya matangazo, sikusema ndiyo wala hapana. Nikawaacha waendelee. Nilijiambia kwamba labda ndiyo njia Mungu aliyonifungulia.

Lakini palikuwa na Mutua. Alikuwa mpiga picha, mwenye studio huko huko Thika, na tulikuwa tumependana kwa muda, kwa siri. Siku moja akaja kunitembelea, akaketi na kofia yake magotini.

"Mama Ciru amenipa kazi," akasema. "Nije kwa kina Njeri nipige picha za posa yako. Sasa niambie, nisimame upande gani?"

Hakuwa anatania.

Basi nikaenda Ngoliba kwa Mzee Gitau. Huyu alikuwa mchungaji mstaafu, ndiye aliyenifundisha kuhubiri, na alikuwa amerudi kwao kufuga mbuzi na kulima ndengu kwenye lile jua kali. Wazee walikuwa wameniambia nimwombe awe msemaji wetu siku ya posa. Nilimkuta uani akipepeta ndengu. Nilianza kumwomba, na badala yake nikamwambia yote. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Mzee aliendelea kupepeta.

"Njeri anajua?" akauliza.

"Hapana."

"Na huyo Mutua?"

"Anajua. Ndiye atakayepiga picha."

Akaweka ungo chini. "Ngai! Kwa hivyo kwenye posa hiyo yote, bibi harusi peke yake ndiye mgeni."

Nikainama. Nilingoja anifukuze, au anishike kichwa anitoe pepo, maana ndivyo nilivyotarajia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Sikiza, Ndirangu," akasema. "Hayo ya mwanaume na mwanaume mimi siyaelewi, na kwa umri huu sijui kama nitayaelewa. Hayo nimemwachia Mungu, yeye ana muda kuliko mimi. Lakini kumchukua msichana wa watu ukamfanya pazia la dirisha lako, hilo nalielewa kabisa. Siendi kukusemea mahali."

"Nikisema ukweli watanipokonya kanisa."

"Wanaweza. Lakini wewe kila Jumapili unawaambia watu waje kwa Mungu vile walivyo. Sasa wewe unakuja vile nani alivyo?"

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi, wengine wakiwa na vipaza sauti. Hakuna aliyenigusa kama yule mzee mwenye makapi ya ndengu kwenye nyusi. Aliniagiza nianze na Njeri, halafu kanisa. "Na siku ya kanisa," akasema, "mimi nitakuwa nimekaa kiti cha mbele."

Njeri nilimkuta saluni akimsuka mteja. Alinitazama usoni mara moja, akamwambia yule mama aende akanunue soda. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Aliweka chanuo chini.

"Kumbe!" akasema. "Na mimi nilidhani hunishiki mkono kwa sababu umeokoka sana."

Tukacheka sote, halafu yeye akaanza kulia. "Nilikuwa nimeanza kukupenda, unajua," akasema. Akaniambia niende. Nilipofika mlangoni akaniita. "Ndirangu, asante kwa kukuja kabla."

Jumapili ilipofika, Mzee Gitau alikuwa kiti cha mbele kama alivyoahidi, ndani ya lile koti lake zito ambalo hakuna mtu wa Ngoliba mwenye akili angelivaa. Kabla ya mahubiri nikawaambia. Sikupamba. Nilisema simwoi Njeri, na Njeri hana kosa lolote. Nilisema nimeumbwa nikipenda wanaume, nimeomba miaka mingi nibadilike na sikubadilika, na katika kuomba huko Mungu hajaniacha hata siku moja. Nikasema nataka kuendelea kuwatumikia, lakini si kwa uongo.

Vurugu ikazuka. Mtu akapiga kelele kwamba shetani ameingia. Kiongozi wa kwaya akainuka akatoka, akarudi kuchukua ngoma yake, akatoka tena. Ndipo Mama Ciru akasimama, na watu wakanyamaza, kwa sababu Mama Ciru akisimama ulikuwa unanyamaza.

"Mimi nimekasirika," akasema. Wengine wakaitikia amina. "Nimekasirika sana! Nimezunguka Ruiru yote, Juja yote, mpaka Gatundu, nikimtafutia huyu mtu bibi. Viatu vimeisha soli. Na yeye ananiangalia tu! Mchungaji, si ungeniambia nipumzike?"

Kicheko kikaanzia nyuma, kwa vijana, kikaja mbele polepole. Mama Ciru hakucheka.

"Baba Ciru alipolala kitandani mpaka akaoza mgongo, nani alikuwa anakuja kumwogesha? Ni huyu. Mkononi mwake sikuona shetani. Anayetaka kuenda aende. Lakini viti aache, viti ni vya akina mama."

Sitakudanganya kwamba yaliishia hapo. Zaidi ya nusu walienda. Wakubwa wa kanisa waliniita Thika, wakanivua uchungaji, na lile jengo la mabati likapewa mwingine. Mama yangu mzazi alikaa muda mrefu bila kunisemesha, na huo ndio uchungu uliozidi mwingine wote. Kuna usiku nilimwambia Mutua turudi kijijini kwao tukafuge nyuki. Akasema yeye anaogopa nyuki kuliko waumini.

Waliobaki wakaanza kukutana katika hoteli ya Mama Ciru kila Jumapili asubuhi, kabla hajafungua. Tuliimba kati ya magunia ya vitunguu. Mzee Gitau akatoka Ngoliba, akaniwekea mikono kichwani upya mbele ya wote, na alipomaliza kuomba akaninong'onezea, "Bado sielewi, lakini endelea." Mutua aliketi mahali palipo wazi, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini yupo. Walikuja wasichana waliofukuzwa makwao kwa sababu ya mimba, wakaja walevi wa Githurai, wakaja wajane. Wapo waliorusha mawe juu ya mabati ya hoteli. Tukaimba kwa sauti zaidi. Ikafika wakati tukahitaji nyumba yetu, tukaijenga. Mama yangu alikuja siku ya kuifungua, akaketi nyuma kabisa, na baada ya ibada akamwuliza Mutua kama amekula. Mutua mwenyewe unamjua. Ndiye huyo anayekohoa jikoni ili nijue nimeongea sana.

Na Njeri? Aliolewa na mwalimu wa Juja, mtu mpole. Wakwe walipomkataza asinilete kufungisha ndoa, aliwaambia, "Huyu aliniambia ukweli alipokuwa na kila sababu ya kunidanganya. Mnanitafutia mwingine wa aina hiyo wapi?" Nikafungisha.

Sasa sikia ninachokuambia, mwanangu. Si lazima useme kesho. Usalama wako si jambo dogo, na Mungu hakuharakishi. Lakini usimwoe binti wa mtu ili majirani wanyamaze. Hawatanyamaza, na mtakuwa wawili mnaoumia. Ukiwa tayari, anza na yule ambaye uongo wako ungemuumiza zaidi. Watumikie watu sana kabla ya kuwaambia na baada ya kuwaambia: waogeshe wagonjwa wao, wazike wafu wao, shika watoto wao. Wapo watakaokuacha hata hivyo. Walilie, kisha upange viti kwa waliobaki. Na wale watakaokupenda bila kukuelewa, usiwadharau, usiwalazimishe. Mimi nimebebwa miaka hii yote na watu wa namna hiyo.

Haya, piga magoti hapa nikuombee. Mungu akupe kusanyiko litakalokucheka kwa upendo. Akupe mwenzi wa kurudi kwake jioni, na mama atakayekuuliza kama umekula. Auondoe uoga kwenye sauti yako. Na siku watakayokuwekea mikono kichwani, mwanangu, watakayemkuta pale awe wewe mwenyewe.