Jina la Baba Mkwe

Fomu ilikuwa ya kurasa mbili, nami nilikwama kwenye mstari wa kwanza kabisa: jina la aliyeuawa.

Baba yake babu yangu alinyongwa na Wajerumani wakati wa Majimaji. Hilo kwetu kila mtoto analijua. Jina lake ndilo hatulijui. Mjane wake alikimbilia porini na mimba, na mtoto alipozaliwa akampa jina la ukoo wa wajomba ili askari wasimfuate. Hata alipokua hakumwambia jina la baba yake. Kwanza aliogopa mdomo wa mtoto, halafu kunyamaza kukawa mazoea. Jina hilo la kuazima ndilo liko kwenye cheti changu cha ualimu.

Mwaka huu tukaambiwa wageni kutoka Ujerumani watakuja kupokea orodha ya familia zilizopoteza watu. Asiyekuwemo asitegemee kuombwa radhi, wala fidia, wala kutafutiwa mifupa ya mtu wake. Mwisho Ijumaa. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, mzee wetu asomwe pamoja na wenzake.

Aliyelijua jina alikuwa mmoja: bibi yangu wa Mpitimbi, mke mdogo wa babu. Siku alipoletwa kuolewa, yule mjane, sasa mama mkwe wake, alimvuta pembeni akamnong'oneza jina lile mara moja, ili ajue asilitamke. Kwa wazee wetu Wangoni, mke hataji jina la baba mkwe, hata kama mkwe alikufa kabla yeye hajazaliwa. Basi jina letu likatunzwa na mtu pekee asiyeruhusiwa kulisema. Atakayeniambia hiyo ni busara ya wazee nitamjibu vibaya.

Jumatano nilimfuata.

"Ninong'oneze mimi tu, bibi. Hakuna atakayesikia."

"Na wewe ni nani? Si damu yake?"

"Wenzake wataandikwa, wetu atapotea!" Nilipaza sauti, na hadi leo naona aibu.

"Alishapotea, mjukuu wangu. Nimebaki naye mimi."

Nililala kwake nimenuna. Asubuhi nikamkuta amevaa khanga mpya, viatu mkononi. "Twende," akasema. "Nitajaribu." Tukalala kwangu Mshangano, Songea mjini, na Ijumaa tukawa wa tatu kwenye foleni ya kuandikisha.

Karani alikuwa binti mgeni, mtu wa Mwanza, mwenye adabu zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Nitajie jina la marehemu."

Bibi akajifunika khanga kichwani, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu. Karani akashtuka, akidhani mgonjwa. Niliona midomo ya bibi ikifunguka, ikifumba, ikifunguka tena. Jasho lilimtoka na baridi yote ile ya Songea. Nilimshika bega, sikuwa na kingine cha kufanya.

"Ninalo hapa," akasema akigusa koo. "Halitoki."

Tulingoja. Nyuma yetu watu walianza kukohoa. Nilimweleza karani mila yetu, akanihurumia kweli, lakini huruma haikuwa na mstari kwenye fomu. Mwishowe akaandika *Hajulikani*, akagonga muhuri, akanipa nakala. Nilitamani kumpokonya kalamu, lakini hata ningeipata ningeandika nini?

Nje, bibi akanishika mkono.

"Wamemwandika?"

Hajui kusoma. Nikamtazama, nikashindwa.

"Wamemwandika, bibi."

"Kwa hiyo lilitoka? Mimi sikulisikia."

"Lilitoka."

"Nionyeshe."

Nikakunjua karatasi, nikakiweka kidole chake juu ya lile neno. Akakaa nacho hapo kwa muda. Kisha akavuta khanga kichwani, akainamisha uso na kupiga goti mbele ya karatasi, kama mke anavyomwamkia baba mkwe wake.