Paipu Aliyoikataa Kaka Yangu

Kaka yangu bado yu hai, na bado simpendi. Niseme mapema, nisije nikaonekana mnafiki.

Nilikuwa mwalimu miaka ile, na nilimjengea mama bafu pale kwetu nje ya mji wa Nyeri. Magoti yalikuwa yakimtesa. Mwezi wa saba, baridi ya mlima ikishuka, alikuwa akioga kwenye karai nyuma ya jiko huku akitetemeka, na sikuweza kuvumilia kumwona hivyo. Nje ya ukuta wa bafu tukajenga meko ya kuni, na juu yake tukaweka pipa la chuma la kuchemshia maji. Ilibaki paipu ya kuyaingiza ndani. Fundi alisema shaba, nami nikanunua shaba.

Kaka akaja kutoka Kagio, alikokuwa akilima nyanya. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa tai hata siku ya kukagua mtaro. Akaiona ile shaba imeegemezwa ukutani.

"Hii si ni paipu ya kupika chang'aa? Ati unataka chifu aingie hapa na askari? Wamama wa kanisa watasema nini juu ya mama?"

Ni kweli wapika pombe haramu waliipenda shaba, na chifu akiikuta kwako hakuwa akiuliza mara mbili. Lakini yetu ilikuwa ya kuogea! Kaka hakusikia. Akashusha kutoka garini paipu nyeusi ya plastiki, mabaki ya ile ya kumwagilia nyanya zake.

"Hiyo ni ya maji baridi, mzee," fundi akamwambia. "Maji ikichemka, italegea kama sukuma wiki kwa sufuria."

"Wewe fundi, nani mwenye boma hii?"

Mwenye boma alikuwa yeye, kwa kuwa baba alikwisha kufa na mimi ni mwanamke. Mama aliangalia chini. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma kuliko maneno yake yote. Fundi akafunga plastiki.

Mama alioga mara moja tu. Plastiki ililegea, ikachomoka ukutani, maji ya moto yakammwagikia mguu. Nilimkuta sakafuni, ngozi ikimtoka. Kaka akasema shetani hapendi maendeleo. Nilimtukana mbele ya majirani, na mama, mguu umefungwa kitambaa, akanitaka nimwombe msamaha. Niliomba. Sikumaanisha hata neno moja.

Wiki iliyofuata niling'oa plastiki kwa mikono yangu, fundi akaweka shaba. Chifu hakuja. Lakini mama hakuingia tena mle ndani, hata nilipombembeleza.

Krismasi kaka alilala kwetu. Asubuhi alioga humo kwa muda mrefu, akiimba wimbo wa kanisa, kisha akatoka amependeza, mvuke ukimfuata.

"Bafu ni mzuri sana," akaniambia. "Maji iko moto kabisa. Mwambie mama aache uoga."

Mama alikuwa mlangoni, akimletea chai, akichechemea.