Mtanashati, Mpole, Mrefu wa Wastani

Walituletea kaka yangu asubuhi ya Jumanne, mzima wa afya, amevaa tai.

Shida ni kwamba hakuwa kaka yangu.

Nilifungua mlango nikamkuta dereva wa teksi amemshika kiwiko bwana mmoja mwenye mkoba wa ofisini. Amemshika vizuri, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na hataki kimponyoke.

"Huyu hapa," dereva akasema. "Mrefu wa wastani, maji ya kunde, mtanashati, mpole. Nimemkuta stendi."

"Dada, tafadhali mwambie mimi naenda kazini," yule bwana akasema. "Nimembembeleza njia nzima. Ananijibu eti upole wangu ndio umenitambulisha."

Nilicheka. Sikujizuia.

Mama akatoka jikoni mbio, mikono ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Akamtazama yule bwana usoni. Akageuka, akarudi jikoni.

Hapo kicheko kikaniishia.

Dereva wa watu hakuwa na kosa. Alifuata tangazo letu la redioni la kumtafuta kaka neno kwa neno, na kwa tangazo lile angeweza kutuletea nusu ya wanaume wa mji mzima. Simu zilikuwa zinaita tangu wiki iliyopita. Kaka yenu yupo dukani ananunua viatu. Kaka yenu yupo benki, mstari wa pili. Wote walikuwa wakweli. Walikuwa wamemwona mtu tuliyemtangaza.

Kaka alikuwa fundi rangi. Wa kwanza kuzaliwa kwetu, mimi wa mwisho.

Alikuwa fundi hasa. Mteja akimwambia, "Nipakie rangi nzuri," anaweka ndoo chini. "Mama, nzuri si rangi. Unataka pinki ya mtoto mchanga au pinki ya kidonda kinachopona?" Mteja anacheka, lakini anaanza kufikiri. Wakimaliza kuongea, mama wa watu anajua anachotaka sebuleni kwake, na pengine ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kuulizwa.

Mafundi wenzake walimwita Brashi. Mtaa mzima ulimwita Brashi. Nyumbani kwetu jina hilo halikuruhusiwa kuvuka kizingiti.

Kisha jukwaa likakatika chini yake, kwenye jengo la ghorofa. Alipoteza meno mawili ya mbele. Mguu wa kushoto uliunga vibaya, akawa anauburuza. Kazi za juu zikaisha, zikabaki kuta za uani na mageti. Maumivu hayakuisha. Akaanza kuyanywea.

Sitapamba. Kaka yangu alikuwa mlevi. Alinuka pombe na tapentaini. Alilala chumba cha uani kwa wazazi wetu, na wageni wakija Baba alikuwa anafunga mlango wa nyuma.

Kupotea siku moja au mbili alishatuzoesha. Safari hii wiki ikapita. Kila jioni Mama alimfunikia sahani yake, kila asubuhi akaikuta ilivyo.

Ndipo Baba akasema tutangaze redioni.

Tulikaa sebuleni: Baba, Baba mdogo, Mama na mimi. Mimi ndiye mwenye mwandiko unaosomeka, nikapewa kalamu. Baba alikuwa msimamizi wa ghala maisha yake yote, mpaka leo anaongea kama anakabidhi mzigo.

"Andika. Jina lake kamili. Yote matatu."

"Baba, watu wanamjua kwa Brashi."

"Mwanangu ana jina. Andika. Ni mtanashati."

Nikamtazama. Hakuwa anatania.

"Tuweke na meno," nikasema. "Lile pengo mtu hawezi kulisahau."

"Meno hayatangazwi redioni."

"Basi mguu."

"Mguu gani?"

"Baba. Anaburuza mguu."

"Alikuwa anatembea vizuri," Baba akasema, kama vile mimi ndiye niliyeuvunja.

Baba mdogo akaingilia. "Binti, unataka mji mzima ujue nyumba hii ina mlevi?"

"Mji mzima unajua, Baba mdogo."

"Unajua. Lakini haujaambiwa na sisi."

Nikamgeukia Mama, nikitaka anisaidie. Alikuwa anakunjakunja ncha ya kanga yake.

"Andika mpole," akasema taratibu.

Nikaandika mpole. Hilo angalau lilikuwa kweli, isipokuwa siku chache.

Kwa fundi rangi Baba akaweka "mkandarasi wa majengo". Kwa suruali yake yenye madoa akaweka "mavazi nadhifu". Picha wakachagua ya siku ya harusi yangu: kaka amesimama pembeni yangu, suti ya kuazima, meno yote yapo kinywani. Ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Baba na Baba mdogo wakaizungusha vituo vyote vya polisi na hospitali zote.

Wakarudi. "Hayupo popote."

Na redio ikawa inasoma, kila siku baada ya taarifa ya habari. Yule dada msomaji alikuwa na sauti nzuri sana. Ungemsikia ungetamani kumjua huyo kijana.

Sasa turudi Jumanne ile.

Dereva alipoondoka na bwana wake, nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilishang'aa.

"Nenda wewe," akasema bila kugeuka.

"Wapi, Mama? Baba ameshapita kote."

"Baba yako alipita na picha. Wewe nenda na mdomo. Kaseme unavyomjua. Sema pengo. Sema mguu. Sema anakunywa." Akaacha kusugua. "Sema mama yake ndiye amekutuma uyaseme."

Nilianza na hospitali kubwa, kwa sababu ipo karibu. Kwa miguu unafika kabla hujachoka. Na Baba ndiko alikoanzia.

Mapokezi alikuwepo mama mmoja wa makamo, mkali kidogo, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Unamtafuta nani?"

"Kaka yangu."

"Yukoje?"

Nikavuta pumzi. Nilijisikia kama mtu anayevua nguo hadharani.

"Hana meno mawili ya mbele. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Mguu wa kushoto anauburuza. Anakunywa sana. Kucha zake zina rangi, hazitakati hata azioshe na nini. Anatania kila mtu, hata akiwa na homa. Wanamwita Brashi."

Yule mama hakufungua daftari lolote. Alinitazama tu, na ukali ukamtoka usoni.

"Brashi wa wodi ya wanaume?"

"Yupo?"

Akachomoa kalamu kwenye nywele, akairudisha. "Mbona hamkuja?"

"Walikuja. Mzee mmoja na mwenzake, wana picha."

"Wale wenye bwana harusi?"

"Hakuwa bwana harusi. Harusi ilikuwa yangu."

"Dada yangu," akasema kwa upole ambao sikuupenda, "sasa mimi ningejuaje?"

Akamwita nesi. Nesi akaja, akanishika bega, akaniambia, "Kaa kwanza."

Hakuna anayeambiwa akae kwanza kwa habari njema. Nikakaa.

Watu wema walimwokota kwenye mtaro baada ya mvua, mapafu yameshika maji. Hana kitambulisho, hana simu. Walimuuliza jina akasema Brashi, ndugu akasema hana. Alikuwa pale tangu siku aliyopotea. Sisi tukiwa tunapokea simu za viatu na benki, yeye alikuwa mtaa wa tatu kutoka nyumbani, dripu mkononi.

Alifariki jana yake, mchana.

Nilimwona. Walikuwa wamemfunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. Nikamwomba mhudumu anisogezee shuka, nikamshika kidole gumba. Ukucha ulikuwa na rangi ya kijani ya geti la jirani yetu.

Kisha nikapanda wodini kuchukua shati lake.

Kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa. Cha pembeni alilala mzee mmoja aliyevunjika nyonga, mguu umening'inizwa kwa vyuma, redio ndogo imefungwa kwa kamba kichwani mwa kitanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa Brashi?"

"Ni kaka yangu."

"Pole sana. Ametuacha kimya humu." Akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Unaona rangi hii? Alisema hii si krimu, hii ni mgonjwa aliyekata tamaa. Daktari mkuu alikuwepo. Akacheka mpaka akatoka nje."

Nilitabasamu. Nilimsikia kabisa akisema.

"Aliteseka, mzee?"

"Usiku kidogo. Mchana alikuwa wangu. Alipenda hii redio. Ikifika saa ya matangazo ananiambia, babu, ongeza sauti."

"Matangazo gani?"

"Haya ya vifo na ya waliopotea. Kuna moja la kijana mmoja mtanashati, wazazi wake wanamtafuta. Hilo hakulikosa hata siku moja. Anafumba macho, anasikiliza mpaka mwisho."

Nilishika chuma cha kitanda.

"Nikamuuliza, Brashi, unamjua huyo? Akasema namjua sana, tumekua nyumba moja. Nikamwambia, basi si uombe simu kwa nesi, uwasaidie wazazi wa watu? Akacheka. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikadhani ndiyo anakwenda. Alipopata pumzi akaniambia, babu, waache. Huyo wanayemtaka ni mtu mzuri mno. Mimi nikijitokeza, watajua huyo harudi tena."

Mzee akatikisa kichwa, kama mtu anayekumbuka utani ambao hakuuelewa.

"Hivi yule kijana walimpata?" akaniuliza.

Nikakunja shati. Nikalikunja tena.

"Bado, mzee," nikasema.

Tangazo la msiba niliandika peke yangu. Sikumwonyesha mtu. Niliandika Brashi, fundi rangi, nikataja na mguu. Siku ya kumzika walikuja mafundi wengi kiasi kwamba walikosa pa kusimama, wakajazana hadi barabarani, viatu vyao vina madoa ya kila rangi. Walikuja na wenye nyumba alizowapakia rangi, watu wa magari, wakiulizana nani wa kumpa pole. Baba alikuwa anawatazama wanavyoingia, mmoja mmoja. Hakuwafahamu hata mmoja.

Watu walipotawanyika nilimkuta amekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Ule mlango ulikuwa wazi.

"Alijua tunamtafuta?" akaniuliza.

Kulikuwa na majibu mengi mazuri. Yalinijia yote, yamepangika, kama yameandikwa na mtu wa redio.

"Alijua, Baba. Alikuwa analisikia tangazo kila siku."

"Sasa mbona hakutuita?"

"Alisema mnayemtafuta si yeye."

Baba hakunifokea. Nilikuwa nimejiandaa anifokee. Alikaa, mikono katikati ya magoti.

"Alikuwa anakoroma," akasema.

Nikamgeukia.

"Chumba chake cha uani kimeegemea changu, ukuta ni mmoja. Anakoroma kama gari linalogoma kuwaka. Akinywa ndiyo basi, nyumba inatetemeka. Mama yako alishazoea, analala. Mimi nilikuwa nasubiri. Nikilisikia lile gari, najua yupo ndani, nageuka, nalala. Siku lisiposikika, nakesha."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

"Hukuwahi kumwambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, mzee wa watu, macho mekundu.

"Ningemwambia kwa maneno gani?" akasema.

Nikakaa pembeni yake.

Naandika haya kwa sababu naanza kusahau sauti yake, na sitaki kesho nimkumbuke kwa lile tangazo. Wewe unayesoma, kama una mtu nyumbani, usingoje apotee ndipo umtafutie maneno. Usimsafishe kwanza. Na siku ukilazimika kumtangaza, mseme hivi kwamba yeye mwenyewe, popote alipolala, akisikia ataomba simu na kusema: huyo ni mimi, njooni mnichukue.