Daftari la Makosa la Somoe

Ipo Ijumaa moja, mjukuu wangu Neema, ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Sijamsimulia mtu humu nyumbani, hata mama yako haijui. Lakini jana ulirudi kutoka shule na macho mekundu, ukasema kidato cha kwanza chote kimecheka Kiingereza chako, na kwamba hutanyoosha mkono tena mpaka umalize shule. Basi kaa hapa unisikilize. Uji utapoa wenyewe.

Nilikuwa kidato cha pili. Baba yangu alikuwa na duka la vyombo hapa hapa Kariakoo, na watu walimwita Mangi, kama wanavyomwita Mchaga yeyote mwenye duka. Darasani mimi nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza. Usidhani najisifu, ingawa kidogo najisifu. Mbinu yangu ilikuwa moja tu, kukariri. Nilikariri kamusi, nikakariri notisi za mwalimu pamoja na nukta zake, na mtihani ukija namwaga vyote kwenye karatasi. Kuongea sasa, hapana. Niliogopa kukosea mbele za watu, kama wewe.

Dawati moja nilikaa na Somoe. Alitoka Mtwara, akawa anaishi Buguruni kwa shangazi yake, chumba kimoja cha kupanga watu sita. Kiingereza chake, Mungu anisamehe, kilikuwa cha kuokoteza. Ila binti yule hakukionea haya. Tukitoka shule ananifuata mpaka dukani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kusoma maboksi?"

"Ndiyo, baba. Kama hutojali."

Baba hakujali. Somoe alichukua boksi la chupa za chai au la pasi, akasoma kila kilichochapwa juu yake, halafu akaliweka chini na kuwaeleza wapagazi waliopumzika barazani, kwa Kiingereza, pasi ile inatumikaje na kwa nini usiishike ukiwa na mikono iliyoloa. Wapagazi walikuwa hawaambulii neno. Walicheka mpaka machozi, lakini walimpenda, wakawa wanamuuliza maswali kwa Kiswahili ili aendelee. Mimi nyuma ya kaunta nilisikia kila kosa. Nililicheka kwa sauti kuliko wapagazi, kisha nikamwambia kwa madaha neno lilivyotakiwa kusemwa. Hakukasirika hata siku moja. Alitoa daftari, akaandika, akaendelea pale alipoishia. Nilidhani ananiandika ili akanisemee kwa mwalimu.

Ijumaa yenyewe ilikuwa ya mdahalo wa Kiingereza. Shule nyingine ilialikwa, na mada ilikuwa mkulima ana faida kuliko daktari. Kwa zile alama zangu, mwalimu alinichagua niwe msemaji mkuu upande wa mkulima. Baba akafunga duka aje kunisikiliza. Unajua maana ya Mangi kufunga duka mchana wa Ijumaa? Nilikuwa nimekariri kurasa tatu. Nikazitoa zote bila kukwama, ukumbi ukanipigia makofi, nikajiona malkia. Ndipo kijana mmoja wa upande wa pili akasimama na swali fupi tu. Mkulima akiugua, nani atalima?

Swali nililielewa, mwanangu. Jibu nilikuwa nalo, kwa Kiswahili. Ila halikuwemo kwenye kurasa zangu tatu, na mdomo wangu haukujua njia nyingine. Nilisimama pale, nikamtazama baba, naye akatazama viatu vyake.

Somoe, aliyekuwa kwenye viti vya wasikilizaji, akanyoosha mkono, akasimama. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa na makosa kibao, na ukumbi ukaangua kicheko. Hakukaa. Akasema mkulima akiugua daktari atamtibu, sawa, lakini huyo daktari naye tumuulize, asubuhi kabla ya kwenda hospitali alikula nini, na nani alikilima? Alikosea tena katikati, akajisahihisha mwenyewe, akamaliza. Wale waliocheka ndio walioanza kupiga makofi. Tulishinda, na mimi sikufurahi hata kidogo.

Tukarudi na baba dukani. Akafungua mlango, akayaangalia yale maboksi.

"Stella," akaniambia, "maboksi ni ya kwetu. Mbona aliyefaidika nayo ni mgeni?"



Jumatatu nilimwomba Somoe anioneshe daftari lake. Alilitoa bila kusita. Kila ukurasa aliugawa safu tatu: nilivyosema, inavyosemwa, na ya mwisho, mwalimu wangu. Kwenye safu ya mwisho jina la mwalimu wetu lilikuwepo mara chache. Lililojaa, ukurasa baada ya ukurasa, lilikuwa Stella, Stella, Stella.

"Nilikuwa nakucheka, Somoe," nikamwambia.

"Najua. Lakini kila ukinicheka ulikuwa unanifundisha. Mbona wengine wanacheka tu na kuondoka?"

Nililia kwa aibu, na kwa kumpenda. Jioni hiyo nikaanza daftari langu mwenyewe la makosa, nikashika boksi la pasi nikasimama mbele ya wapagazi. Somoe akakaa kwenye kiti changu nyuma ya kaunta, akanicheka vizuri tu. Mpaka leo sijaona mtu jasiri kama yule. Alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na nikimpigia simu bado ananikosoa.

Nimekusikia juzi ukijirekodi kwenye simu, ukisikiliza, ukirudia. Nimekuona ukitazama filamu na kusimamisha kila mara uandike neno. Mbinu nzuri hizo, sisi hatukuwa nazo, na nakuonea fahari. Lakini zote unazifanyia chumbani, mlango umefungwa. Neno lijifunze popote, mwanangu, ila ukishalijua litoe mbele za watu. Likitoka bovu, uliza lilivyotakiwa kuwa, andika, sema tena. Anayekucheka usimnunie kabla hujamuuliza anachokijua.

Chukua daftari hili jipya, safu nimekupigia mwenyewe. Mstari wa kwanza andika ile sentensi waliyoicheka jana. Leo ukifika shule, mfuate aliyecheka kuliko wote, akuambie inavyosemwa, na jina lake uliweke safu ya tatu.

Mungu akufungue kinywa chako, akupe na moyo wa Somoe. Na siku utakayokijua Kiingereza kunishinda, usinionee huruma kwa uzee wangu. Nikosoe. Daftari langu bado lina kurasa zilizobaki, na safu ya tatu nakuwekea wewe.