Kipimo cha Dishi la Mama Mdogo

Magoti yalipomzuia mama kuvuka mpaka, hakulalamikia biashara. Kwa miaka mingi alikuwa akipeleka maharage Goma asubuhi na kurudi jioni. Sasa alishinda kwangu Gisenyi, kwenye kiti kando ya cherehani, akinitazama nikishona. Alitaka kitu kimoja tu. Nyumbani kwa mdogo wake, ng'ambo ya mpaka, aliwahi kuona kwenye televisheni misa ya Jumapili kutoka kanisa la hukohuko Goma, na kwenye mabenchi akawatambua wanawake aliokuwa akiuza nao. Alitaka kuwaona tena.

"Tununue parabole," aliniambia. "Ya kipimo kile cha mama yako mudogo."

Parabole ni dishi tu. Mimi ni fundi cherehani, vipimo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo sikuona ugumu wowote. Nilidhani dishi hufuata ukubwa wa televisheni, kama shati linavyofuata mabega. Muuzaji wa kwanza, karibu na soko, alinisahihisha kwa upole: televisheni haihusiki, dishi la sentimita sitini linatosha nyumba yoyote. Wa pili, hatua chache tu kutoka hapo, alisema aliyenishauri sitini hajawahi kuona mvua ya huku kwetu Rubavu, nichukue tisini. Nikatoa tepu yangu ya kushonea, nikalipima hilo la tisini. Upana ulikuwa tisini kweli, lakini urefu ulikaribia mia moja. Nilipouliza kipi kati ya hivyo viwili ndicho kipimo chenyewe, akasema tofauti hiyo si kitu. Mimi sentimita kumi zikinipotea, nguo imeharibika.

Nikaona heri nikajionee. Nikapita kituo cha mpakani cha Grande Barrière na tepu shingoni, nikaenda hadi kwa mama mdogo. Dishi lake lilikuwa uani, limesimikwa juu ya bomba la chuma, na kuku wawili wamejikalia kwenye ukingo wake. Nikalipima: mita moja na themanini. Nikalipiga picha kwa simu. Alisema ni marehemu mume wake aliyelisimamisha, na tangu siku hiyo televisheni haijamsumbua. Nikamuuliza inakuwaje yeye ahitaji karibu mita mbili wakati mimi naambiwa sitini, na mbingu ni ileile, na kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa miguu. Akafikiri, akasema labda sisi wa Rwanda tuko juu zaidi. Nililitafakari jibu hilo njia nzima ya kurudi, na kufika nyumbani nilikuwa nimeanza kuliamini.

Nikapata dishi la ukubwa huo kwenye baa moja iliyokuwa imefunga, nikamwita fundi wa madishi, mtu mzima aliyekulia Tanzania. Aliliangalia, akaniuliza tunataka setilaiti gani. Nikamjibu ile ya Goma. Akavuta pumzi. Akanieleza kwamba dishi halipimwi kwa nyumba wala kwa mji, linapimwa kwa setilaiti unayoitafuta: yenye mawimbi yenye nguvu hushikwa na dishi dogo, ile dhaifu inataka kubwa. Nilielewa kila neno, ila yote kwa pamoja yalinishinda. Nikamwonyesha picha, akalielekeza dishi letu kwa kufuata ile picha.

Mchana tulipata picha safi kabisa. Mtu alisoma habari kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua mle ndani. Mwanamke akapika samaki. Watu wakakimbiza farasi. Mama alitazama yote kwa adabu, mikono mapajani, kisha akauliza kama misa inakuja baada ya farasi.

Fundi akashuka ngazini. "Dada, mpigie mama mdogo," alisema. "Mwambie aushike waya kwa mkono, aufuate toka kwenye televisheni mpaka unapoishia."

Nikampigia. Tulisubiri muda mrefu, tukisikia kandambili zake na mlango wa uani. Aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hii ya kubwa waya yake ilikatika, iko chini mu majani. Ile ya television inapanda ku mabati. Kuko kengine kadogo kule, nyuma ya tanki. Mi sikukajua."

Aliyekaweka hakumjua, wala mimi sijamjua hadi leo. Miaka yote hiyo alikuwa akilifagilia na kulipangusa vumbi dishi lisiloleta chochote, na mimi nikavuka nchi kwenda kulipima.

Fundi akamuuliza mama mdogo kwa simu kale kadogo kanatazama upande gani, kisha tukaazima ngazi nyingine, na lile kubwa likashuka. Fundi alisema sitini lingekamata kituo hicho, lakini wingu zito likija picha itakatika, hivyo akafunga tisini juu ya bati, akakaza na nati za ziada kwa ajili ya upepo wa ziwani. Kuhusu zile sentimita kumi za urefu, alisema dishi la aina hiyo hutengenezwa refu kidogo kwa sababu linatazama kwa kuinama. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili mama alivaa kitenge chake kizuri na viatu. Padri alipoinuka, naye akainuka, akiegemea meza yangu. Kamera ikapita kwenye mabenchi, haraka mno kwake. Akamwona mmoja, muuza mafuta ya mawese, akasema amekonda. Mwingine alidhani anamfahamu, kisha akasema hapana. Mimi nilishona. Nilifuata dini ya marehemu baba, na mambo ya upande wa mama siyajui vizuri. Ghafla nikaona ameninyooshea mkono, akisubiri, na kwenye kioo cha televisheni watu wote walikuwa wakipeana mikono.

"Amani kwako, mwanangu," alisema.

Nilikuwa na pini mdomoni, na sikujua inajibiwaje. Nikazitoa, nikaushika mkono wake, nikakaa nao hivyo hadi aliponiachia.