Goti la Senta Hafu

Nilikuwa dresa katika zahanati ya shamba moja la miwati, miti ya magome ya kutengenezea ngozi, nje kidogo ya Njombe, katika miaka ya mwisho ya Mwingereza. Kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda vya watu waliojikata kwa mapanga wakibandua magome, na kugawa vidonge vya kwinini. Mpira sikuucheza kwa sababu ya kifua changu kibovu. Lakini nilikuwa na jicho. Nikikaa pembeni ya uwanja dakika ishirini tu, niliweza kukwambia timu inaanzia wapi na itavunjikia wapi. Jicho hilo ndilo lililonifanya nimwangamize mtu ambaye hakunikosea lolote.

Mwaka huo meneja wa shamba aliamua kuandaa mashindano ya mataifa. Timu zilikuwa nne. Uingereza ilikuwa meneja mwenyewe na wazungu wa mashamba ya jirani. India walikuwa wenye maduka wa Makambako na jamaa zao kutoka Iringa. Nyasa walikuwa vibarua na makarani waliotoka Nyasalandi. Sisi, Wabena na Wakinga na Wapangwa, tuliambiwa tutaitwa Tanganyika, na kwa mara ya kwanza tukajikuta kundi moja. Mechi zilichezwa Makambako siku za Jumamosi, maana Jumapili watu wetu walikuwa kanisani. Mshindi angepewa fahali, na kila mchezaji blanketi zito la sufu.

Jumamosi ya kwanza nilikaa na daftari langu nikaandika. Waingereza walicheza kama watu wanaopakua mizigo: beki anaupiga mrefu, fowadi wao mnene anaukimbilia, anamgonga mtu bega na kufyatua. Njia hiyo ikizibwa, hawakuwa na nyingine. Wahindi walipasiana fupi fupi, mpira chini, kwa miguu myepesi inayopendeza, lakini wakifika golini kila mmoja alimwachia mwenzake apige. Sisi tuliwashinda kwa mapafu tu. Kipindi cha pili walishika viuno wakati vijana wetu, waliozoea kupanda milima na mizigo kichwani, ndiyo kwanza walikuwa wanapata joto. Nikisema kweli, hatukuwa na mchezo. Mpira ukienda kulia, sote kulia.

Wanyasa walikuwa kitu kingine. Waliwafunga Waingereza manne kwa moja bila kukimbia sana. Mawinga walikaa pembezoni kabisa, mafowadi walibadilishana nafasi, na katikati alisimama senta hafu wao, mtu mrefu, mpole, aliyewahi kufanya kazi migodini huko kusini. Mpira ulimfikia na kuondoka kabla adui hajageuka. Nilihesabu: kila pasi ya tatu ilipita mguuni mwake.

Jioni hiyo walipopita karibu na lori letu, karani mmoja wa Kinyasa alituambia, "Nyie mnacheza kama mnafukuza nguruwe shambani." Wenzake wakacheka. Senta hafu hakucheka; alimshika karani mkono akamvuta waende. Lakini mimi nilikisikia kile kicheko kutwa nzima ya kesho yake, mpaka kanisani.

Jumatano senta hafu akaja zahanati.

"Kamwene, dakta," alisema. Alikuwa amejifunza salamu yetu, na aliitamka vizuri.

"Kamwene, kaka. Unaumwa nini?"

Alifunga mlango kwanza. Kisha akapandisha suruali akanionyesha goti la kushoto. Gogo la mgodini lilikuwa limemwangukia, na tangu hapo goti hilo likigongwa kwa ndani lilikuwa linahama mahali pake. Alitaka nilifunge bandeji ya kukaza kabla ya fainali.

"Na la kulia pia, achimwene," akasema, akiniita ndugu kwa lugha ya kwao. "Nikifunga moja watajua. Nikifunga yote mawili, hawatajua lipi. Anayejua ni ninayelala naye chumba kimoja, na sasa wewe."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilijifunza kazi Ilembula, hospitali ya misheni, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba la mgonjwa linabaki chumbani.

Siku mbili baadaye kapteni wetu, nyapara mmoja mwenye shingo nene, aliniita nyumbani kwake. Mkewe alituletea ulanzi, pombe ya mianzi. Nikafungua daftari nikamweleza yote: upepo wa Makambako tuuchukue mgongoni kipindi cha kwanza; mawinga wao tuwafuate mmoja mmoja; senta hafu tumwekee mtu wa kumganda asipokee mpira.

"Kumganda hakutoshi," alisema. "Yule anatoa pasi akiwa amefumba macho. Umeandika hapa amefunga magoti yote mawili. Wewe ndiye uliyemfunga?"

"Ni mimi."

"Lipi bovu?"

Hakunitisha, wala hakuniahidi kitu. Alisubiri tu, akinitazama kama mtu anayejua kwamba najua. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichofikiria saa ile hakikuwa fahali wala Tanganyika. Nilifikiria jinsi ambavyo watu wangesema ushindi umetoka katika daftari langu.

"La kushoto," nikasema. "Kwa ndani."

Fainali tuliuchukua upepo. Vumbi liliwaingia Wanyasa machoni, na hata hivyo walitufunga bao la kwanza, zuri kabisa, pasi sita kutoka kwa golikipa hadi wavuni. Muda mfupi baadaye kapteni wetu alimwendea senta hafu mpira ukiwa kati yao, akaugusa mpira kwa ncha ya kidole cha mguu, na kwa kisigino akapiga goti la kushoto. Refa, mzungu wa shamba jingine, aliuona mpira ukiguswa. Akaashiria mchezo uendelee.

Sauti aliyoitoa yule mtu niliisikia mimi, maana nilikuwa karibu na sanduku langu la dawa. Wengine hawakuisikia kwa sababu walikuwa wanashangilia.

Siku hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Aliyeumia alitoka, au alisimama winga akijikokota. Nilimrudishia goti mahali pake mbele ya watu wote, naye akiuma kola ya jezi, kisha akasimama winga. Na kosa la timu yake lilikuwa lile nililolitegemea: kwa mazoea waliendelea kumtafuta. Kila walipobanwa walimpelekea mpira, naye alishindwa hata kuusimamisha. Watu wetu, wanawake na wazee wa kanisa wakiwamo, waliimba "Kiwete! Kiwete!" kila mpira ulipomfikia. Na mimi niliimba. Tulishinda matatu kwa moja.

Baada ya mechi nilikuwa namfunga bandeji upya nyuma ya duka la Mhindi. Goti lilikuwa limevimba kama papai.

"Alikuja moja kwa moja kwa la kushoto," alisema. "Alijuaje?"

"Bahati mbaya tu," nikajibu.

"Si bahati mbaya." Akatazama upande walikokaa wenzake, vichwa chini. "Ni huyu ninayelala naye. Ametuuza."

Ningeweza kusema. Mkono wangu ulikuwa kwenye goti lake. Niliendelea kuzungusha bandeji.

Alimshutumu rafiki yake huyo wa chumbani mbele ya timu nzima. Yule aliapa, akalia, hakuna aliyemwamini. Wanyasa waliacha kula naye na kuzungumza naye.

Senta hafu hakuweza tena kubeba mafungu ya magome, na baada ya wiki tatu shamba likamfuta kazi. Aliondoka kwa lori la kwenda Mbeya, sanduku lake la bati likipandishwa na watu wasiomjua, kwa sababu rafiki wa pekee ambaye angembebea alikuwa amekatazwa kusogea. Kabla ya kupanda alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa matibabu.

Mwezi uliofuata yule rafiki alikuja zahanati na jipu kwapani. Alikuwa amekonda.

"Dakta," aliniuliza nilipokuwa nachemsha kisu, "wewe ulimtibu mwenzangu. Aliwahi kukuambia kama alimwonyesha mtu mwingine lile goti?"

Nilimtazama usoni.

"Aliniambia ulijua wewe tu," nikasema. "Inua mkono."

Akauinua, nikampasua jipu.