Mwelu na Kikundi cha Kwitu

Mwelu hakuwa mtu wa kunyamaza, na hilo nataka lijulikane kwanza. Wakati tulikuwa tunapanga foleni ya maji hapa Kitengela, yeye ndiye alikuwa anabeba mtungi wa mtu aliyeruka laini na kuurudisha nyuma kabisa, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake iko kwa veranda iliyopakana na saiba yangu, duka la intaneti. Kwa hivyo kule kunyamaza kwake kwa kompyuta nilikuona mimi, na mpaka leo nikikumbuka naskia uchungu.

Chanzo kilikuwa mazishi ya baba yao, mwaka wa elfu mbili na moja. Ndugu yake mdogo, Wathome, alikuwa Amerika na makaratasi yake hayakuwa sawa. Akitoka, hangerudi. Akakosa kuja. Mwelu hakutaka kusikia habari ya makaratasi. Alimpigia simu matanga hayajaisha, akamwambia, "Mama amesema usikanyage kwake tena." Mama yao, Nzula, hakuwa amesema neno. Alikuwa ndani analia. Wathome akakata simu na hakupiga tena.

Haya Mwelu aliniambia mwenyewe, siku alisikia kwamba watu wa kwao Mwala wako na kikundi kwa intaneti, kinaitwa Kwitu, yaani kwetu. Wa ng'ambo na wa nyumbani walikuwa wanaandikiana, barua moja inafikia wote. Wathome naye yuko huko, tena anaandika sana. Mwelu akaja mbio.

"Mama Jackie, niingize. Lakini jina langu lisionekane."

Nikamfungulia anwani, nikaiita Cherehani. Msimamizi wa kikundi, mtu anaitwa Kivuva, akamwandikia: "Karibu, Cherehani. Mtu akiingia kwa watu husalimia. Tuambie wewe ni wa kina nani." Mwelu akasoma, akafunga.

Akawa anakuja kila Jumamosi kusoma habari za ndugu yake. Wathome ameoa. Wathome ameanguka kwa theluji na sufuria ya githeri mkononi. Mwelu alikuwa anacheka peke yake mpaka wateja wangu wanageuka. Kisha anaenda nyumbani kumwambia mama yake, na hapo ndipo aliharibu, kwa sababu alisema, "Wathome ameniandikia."

Mama yake, Shosho Nzula kama tulivyomwita kwa uzee wake, alifurahi, wacha tu. Akaanza kutuma majibu. Mwambie avae nguo nzito. Mwambie yule ng'ombe alinunua soko la Kajiado kabla aende Amerika amezaa. Mwambie nauliza atakuja lini. Na Mwelu anamwitikia mama kwa lugha yao, "Nitamwambia, Mwaitu." Halafu anakuja, anakaa kwa kiti changu, anasoma, anaondoka. Hata herufi moja!

Mimi nilikuwa na sheria: ya mteja kwa skrini sikuyaona. Lakini hii ilinishinda.

"We Mwelu, si uandike! Ng'ombe amezaa. Hayo ni maneno mangapi?"

"Aanze yeye. Ni yeye alikosa kuja kumzika baba. Aniulizie kwa jina, nitamjibu."

"Atamuulizia aje mtu hajui yuko hapa?"

"Anajua ako na dada. Hiyo haitoshi?"

Ngai! Kichwa ngumu kama nini.

Kila mwaka ukianza, Kivuva alikuwa anawaomba wale wa kusoma tu waseme hata hamjambo. Hakuna ubaya kusikiliza, aliandika, hata kanisani kuna wa kwaya na wa kukaa kwa benchi. Lakini mtu akiulizwa na mwenzake, tafadhali aitike. Mwelu alisoma hiyo kila mwaka, akaipita.

Mwaka wa elfu mbili na sita, Krismasi ikikaribia, Wathome akaandika kwamba makaratasi yamekuwa sawa. "Nataka kuja Disemba. Kuna mtu hapa wa Kitengela anajua kwa mama yangu, Nzula? Aniulizie tu kama bado hataki kuniona."

Nilikuwa nyuma yake nimembebea chai.

"Andika sasa hivi," nikamwambia.

Akasukuma kiti nyuma. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Nikiandika, akija, atamwambia Mwaitu ni nani alisema yale maneno."

Kumbe alikuwa anaogopa! Nilimbembeleza, nikamgombeza, akachukua mkoba akaenda.

Wathome aliuliza tena. Watu wa Mlolongo wakajibu, watu wa Kimuka wakajibu, hakuna aliyemjua Nzula. Jumamosi iliyofuata tukapata barua yake ya mwisho. "Nafikiri mama bado amekataa, na mwenye anajua ananionea huruma, hataki kuniambia. Sitauliza tena. Kivuva, nitoe kwa kikundi. Asanteni."

"Ala! Wathome!" Mwelu alishika kichwa. Kisha akaandika, kidole kimoja, machozi yanaanguka kwa kibodi yangu: "Mimi ni Mwelu dada ya Wathome. Mama hajakataa. Ni mimi nilisema. Mwambieni akuje."

Maneno hayo nikamtumia na Wathome mwenyewe, kwa anwani yake. Ikarudi papo hapo, anwani ilikuwa imefungwa. Kivuva alijibu kabla hatujanyanyuka. Wathome alikuwa amehama, na namba yake ya simu haiingii, lakini wangemtafuta. Chini akaongeza: "Dada, ndio wewe Cherehani? Umekuwa hapa na sisi miaka hii yote?"

Mwelu akafunga kompyuta. Aliniomba nimsindikize nyumbani, upande wa Noonkopir. Tulimpata Shosho mlangoni anachambua maharagwe.

"Amesema nini wiki hii?" akauliza hata kabla ya salamu. "Ulimwambia nimemtengenezea chumba?"

Mwelu alikaa chini kwa mchanga, na kitenge chake kizuri.

"Mwaitu," akasema, "sijawahi kumwambia kitu."